Mkurugenzi Yuko Chumbani

Jumatatu, 3 Machi

Iandikwe, na vizazi vijavyo visome: leo nimehamisha ofisi yangu kutoka sebuleni kwenda chumbani.

Sababu ni mama mkwe. Amekuja kupumzisha goti, na amelipumzisha kwenye sofa la sebuleni, ubavuni mwa kompyuta yangu kubwa. Yeye anajua mimi ni mkurugenzi wa kampuni ya makabati, mwenye ofisi mjini. Nilimwambia hivyo siku ya posa. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliofika kabla ya wakati wake. Kampuni ipo: ni mimi. Ofisi ipo: ni ile meza ya sebuleni.

Basi asubuhi nimevaa suti, nimemuaga, nimetoka mlango wa mbele, nimezunguka nyumba, nimeingia mlango wa jikoni, nimejifungia chumbani na laptopu kuukuu. Mpango: kuiendesha kompyuta kubwa nikiwa huku huku, kwa intaneti ya nyumbani. Programu nilishaweka. Laptopu nimeipa jina la hadhi: MKURUGENZI. Michoro ya jiko la daktari wa meno imo kwenye kompyuta kubwa, naye anaitaka Ijumaa. Asipoipata, kazi anapewa Msumari, seremala wa ghorofa ya juu. Mtu anayechora makabati kwa penseli nyuma ya bahasha!

Nikaomba kuunganishwa. Jibu: "Ombi limekataliwa."

Limekataliwa! Na nani? Nyumba yangu, intaneti yangu, umeme wangu!

Jumanne, 4 Machi

Uchunguzi umeanza. Mtuhumiwa: Msumari. Kuta zina masikio, lakini dari la huyu bwana lina mikono. Bila shaka anainyonya intaneti yangu. Nimebadilisha nenosiri. Refu, gumu, hata mimi limenishinda.

Waliokatiwa intaneti mpaka sasa: simu ya mke wangu na laptopu yangu. Msumari namsikia huko juu akicheka na video zake kama kawaida.

Mke wangu kaninong'oneza mlangoni kwamba niingie tu sebuleni nikafanye kazi, mama yake hali watu. Nikamweleza kwamba hili si suala la michoro tena, ni suala la heshima. Akauliza heshima gani ya mtu aliyejificha kwenye chumba chake mwenyewe. Wanawake hawaelewi mitambo.

Nenosiri nimerudisha la zamani. Nikaomba tena. Limekataliwa. Nikaomba. Limekataliwa!

Jumatano, 5 Machi

Nimesoma mahali kwamba ruta, kile kisanduku cha intaneti, inataka kukaa juu. Nimeitoa kwenye ukumbi mwembamba, nimeipandisha juu ya kabati la nguo. Waya wake ukajivuta wenyewe sakafuni kutoka sebuleni. Mama mkwe akauona ukitambaa. Akapiga kelele nyoka!

Mke wangu akamtuliza kwamba ni panya tu. Sasa nyumba ina mitego ya panya, na mmoja umenishika kidole gumba cha mguu. Nimelia bila sauti, kama mtu aliye ofisini mjini.

Ombi: limekataliwa.

Alhamisi, 6 Machi

Nimezima kila ulinzi wa laptopu. Nimeizima yenyewe. Nimeiwasha. Nimeitukana. Limekataliwa.

Daktari wa meno kapiga simu. Nikamjibu kwa sauti nyembamba kwamba mkurugenzi yuko kikaoni. Akasema basi mwambie mkurugenzi kesho ndiyo mwisho. Ningempenda zaidi kama angecheka.

Halafu Msumari kanikuta mlango wa jikoni, suti mwilini, viatu mkononi.

"Bosi," akasema, "umefukuzwa kwako au unajiibia?"

Akaongeza kwamba daktari kamuuliza kama ana nafasi wiki ijayo. Nyoka wa kweli huyo hapo, wala hatambai!

Ijumaa, 7 Machi

Mchana "nimerudi" kula, mlango wa mbele. Mama mkwe akanipa pole na kazi. Kisha akashusha sauti.

"Baba, kuna mtu anakusumbua. Tangu Jumatatu anapiga hodi kwenye hiyo kompyuta. Kinatokea kiboksi: Mkurugenzi anaomba kuingia, kubali au kataa. Nikasema, mkurugenzi wa hapa namjua na yuko kazini, huyu ni tapeli. Mwenye nyumba hayupo, simfungulii mtu. Namkataa. Goti lenyewe hili, lakini nainuka, namkataa."

Nikamshukuru. Nikamwambia huyo ni mfanyakazi wangu, akija tena amfungulie. Nikatoka, nikazunguka, nikaingia jikoni, nikajifungia.

"Ombi limekubaliwa."

Nimechora mchana kutwa. Mama mkwe akatazama mistari ikijichora kwenye skrini, akimpa binti yake maoni ampigie mfanyakazi, naye akininong'onezea mlangoni: kabati la sahani liko juu mno, sinki ikae dirishani. Nimebadilisha kwa hasira. Michoro imefika kabla ya jioni. Daktari kasifu hasa kabati la sahani na sinki. Kazi ni yangu!

Mama mkwe naye kasema yule mfanyakazi ana akili kuliko bosi wake anayeshinda mjini, nimpandishe cheo. Mimi! Nipandishwe cheo na nani?

Jumatatu, 10 Machi

Mama mkwe kaondoka asubuhi. Daktari anataka vitasa vingine. Kazi ndogo.

Nimevaa suti. Nimetoka mlango wa mbele. Nimezunguka, nimeingia jikoni, nimejifungia. Mfumo ulioshinda hauachwi. Nikaomba kuunganishwa.

"Ombi halijajibiwa." Nikaomba tena. Halijajibiwa! Ni Msumari. Safari hii nina uhakika. Kesho nabadilisha nenosiri.

Nimemwomba mke wangu ampigie mama yake arudi, walau siku mbili, aje abonyeze Kubali. Kachukua mkoba, katoka.

Sebuleni hakuna mtu, ni kompyuta kubwa peke yake. Mlango uko wazi.