Sifuri ya Tezi Kumi na Nne

Kwa Daktari Wichit,
Maabara ya Hospitali ya Mkoa.

YAH: OMBI LA KUONGEZEWA NAMBA

Daktari mheshimiwa,

Baada ya salamu, mimi ni Lamduan, muuza saladi ya papai sokoni Yasothon. Ndimi mwenye lile titi la kushoto lililokatwa mwezi uliopita, ukalipima saratani. Ripoti yako nimepewa mkononi, na miadi ya kuelezwa ni wiki tano mbele. Wiki tano, Daktari! Silali, sili. Basi mimi na dada yangu tumejisomea wenyewe, na tunalalamika hivi:

1. Umejaza "haikuonekana". Kingoni mwa nyama iliyokatwa haikuonekana, kwenye mishipa haikuonekana. Mimi kisu changu kikipotea siandiki "hakikuonekana" nikaenda zangu kula. Nakuomba utafute tena, safari hii kwa bidii.

2. Dada yangu Phikun, ambaye hata ajali ya pikipiki huitolea namba za bahati nasibu, aliipaka ripoti poda ya mtoto ili namba iliyojificha ijitokeze, akawasha ubani, akaikodolea macho. Ikajitokeza 0/14. "Mdogo wangu, daktari huyu mchoyo jamani! Kakuchukulia tezi kumi na nne za kwapani, halafu anakuandikia sifuri?" Hata hivyo alinunua tiketi ya 014, na mtaa mzima ukamfuata. Droo ya tarehe kumi na sita ikatoka 914. Waliopoteza hela wananilaumu mimi, na sasa saladi yangu hainunuliwi.

3. Tisa ndiyo namba ya heri, kila mtu anajua. Naomba urekebishe iwe 9/14 na upige muhuri kabla ya droo ya tarehe mosi. Kama tisa ni nyingi, nitashukuru hata kwa tatu.

4. Ukikataa, tutakuja wote maabara, na poda yetu.

Nawasalimu wenzako wote, pamoja na binti wa mapokezi aliyenipisha kiti.

Mgonjwa wako mtiifu,
Lamduan

N.B. Leo nesi Chanthip kapita kununua saladi, nikamwonyesha ripoti. Kaipangusa poda, kasoma, kasema: "Mama, tezi kumi na nne zimekaguliwa, hata moja haina saratani. Dawa bado zipo mbele, lakini saratani haijafika huko kwapani." Nimelia mbele ya soko zima, pilipili nikaisingizia.

Phikun alikuletea nakala ya barua hii jana. Ichome. Usitafute tena, usirekebishe kitu. Nakupigia magoti, Daktari, sifuri yangu usiiguse.