Mstari Mmoja Dhidi ya Tarumbeta

Jumamosi, 1 Pagume 2017

Pagume, mwezi wa kumi na tatu wa kalenda yetu, umeingia. Siku tano tu, kisha mwaka mpya. Siku tano zinanitosha. Jumatano chama chetu cha mazishi kinachagua katibu, na katibu huyo ni mimi, mradi wanachama waione programu yangu ikifanya kazi.

Mpango wenyewe: mtu akifariki, jina lake linaandikwa kwenye kompyuta ya ofisi. Saa kumi na moja alfajiri programu inaamka yenyewe na kutuma ujumbe kwa simu mia na themanini. Gashe Shibiru, aliyetupigia tarumbeta la msiba mtaa mzima kwa miaka arobaini, anapumzika kwa heshima. Nimeshamnunulia shuka la gabi la kumuaga. Zito, limefumwa kwa mkono.

Leo nimeiendesha programu mwenyewe. Herufi zetu, zisizo za Kilatini, zimetoka safi! Nimemkumbuka baba na taipureta yake nje ya mahakama. Alibonyeza herufi, akarudi nyuma, akaiongezea mkia. Herufi moja, mibonyezo miwili. Wenye mashauri walisubiri kwenye benchi, wakitafuna shayiri ya kukaanga. Nani anasubiri siku hizi?

Jumapili, 2 Pagume

Balaa. Alfajiri programu imejiendesha yenyewe, ikanitumia ujumbe wa majaribio. Alama za kuuliza! Safu nzima! Tarakimu tu ndizo zimesalimika. Nimekimbia ofisini na kandambili, nikaiendesha kwa mkono: herufi safi. Nikaiacha ijiendeshe: alama za kuuliza. Programu ileile, kompyuta ileile! Nikamshuku Gashe Shibiru. Sakafuni palikuwa na unyayo wa matope. Nimeupima. Ni wangu.

Nimemwita shemeji Yodit, dada wa mke wangu, anayeshughulikia kompyuta za benki. Amenywa mizunguko yote mitatu ya kahawa ndipo akafungua mdomo. Anasema nikiiendesha mimi, programu inarithi mipangilio yangu, inajua tunaandika kwa herufi gani. Ikijiendesha yenyewe, yaani kama huduma ya kompyuta, hairithi kitu. Inaamka kama mgeni asiyejua yuko nchi gani, na kila herufi isiyo ya Kilatini inaigeuza alama ya kuuliza. Dawa ni mstari mmoja wa kutaja usimbaji, yaani aina ya herufi tunazotumia, uandikwe ndani ya faili la huduma. La huduma, shemeji, si kwingine, umenisikia? Nimesikia. Na uijaribu ikijiendesha, si kwa mkono wako. Nimesikia, nimesikia! Akamgeukia mke wangu, akamuuliza kama huwa nasikia hivihivi na nyumbani. Mke wangu akaenda kuongeza makaa.

Jumatatu, 3 Pagume

Mvua ya baraka, ya leo tu kwa mwaka. Watoto wanaoga barabarani na kupiga kelele, kama sisi zamani. Siku kama hii mama alitusukuma nje sote watano, akafunga mlango mpaka tulowe vizuri. Leo nimesimama mlangoni, nikatoa mkono mmoja tu. Umelowa. Nimeufuta.

Kuhusu mstari: faili la huduma halifunguki bila nywila. Nywila anayo mwenyekiti, Etiye Beletu, kwenye kijidaftari alichokifunga kwenye pindo la nguo yake. Kumwomba ni kukiri kwamba kuna kasoro, zikiwa zimebaki siku mbili kabla ya uchaguzi! Kwa hiyo nimeuweka mstari kwenye mipangilio yangu mwenyewe. Mstari ni mstari. Nimeiendesha kwa mkono mara tatu. Safi mara tatu.

Jioni. Binti wa Yeneta Haddis amekuja ofisini, macho mekundu. Yeneta amefariki.

Ndiye aliyetufundisha herufi, mtaa mzima. Tulikaa chini, yeye juu ya kigoda, akigusa kila herufi ukutani kwa unyasi mrefu, sisi tukiimba kwa pamoja. Ukikosea hakukuchapa. Aliugusisha unyasi sikioni mwako na kusubiri. Nilisubiriwa sana.

Nimeliandika jina lake polepole, bila kosa. Nimemwambia Gashe Shibiru kesho alale. Akauliza itakuwaje mashine ikikwama. Nikamjibu kwamba mashine haina mapafu. Nimezima simu nipumzike.

Jumanne, 4 Pagume

Nimeamshwa na kilio. Mlangoni kwangu!

Nikachungulia dirishani. Hema la chama limesimama uani. Masufuria makubwa yameshuka. Wanawake wamejifunga shali, pindo la rangi likiwa juu usoni, kama mama alivyojifunga kila aliposikia tarumbeta. Mke wangu amesimama katikati na jagi la maji, anauliza ni nani amekufa, na kila anayemuuliza anazidi kumkumbatia.

Nimeelewa baadaye. Ujumbe umefika kwa simu zote mia na themanini. Alama za kuuliza kuanzia juu hadi chini. Kilichosomeka ni namba moja tu, namba yangu ya simu ya kuulizia maelezo. Wakapiga. Simu imezimwa. Wakapiga tena. Basi, wakasema, ndiye.

Nakiri sikutoka haraka. Nilitaka kusikia. Etiye Beletu alikuwa akisema nilikuwa mtu mwema, mwenye bidii, ila kichwa kigumu kama jiwe la kusagia. Wote wakaafiki, wakilia. Gashe Shibiru alilia kuliko wote. Alisema aliniona ningali natambaa.

Nikatoka. Etiye Beletu akapiga yowe, kisha akanipiga bega kwa kandambili yake. Mshenzi wee, uko hai na sisi tumeshapika!

Gashe Shibiru hakucheka. Akaniuliza, basi ni nani?

Nikamwambia.

Saa mbili asubuhi, na Yeneta alikuwa amelala kwake na binti yake peke yao. Tangu alfajiri hakuna aliyebisha hodi. Aliyetufundisha sote kusoma, na sisi hatukuweza kusoma jina lake.

Gashe Shibiru akatoa tarumbeta chini ya shuka lake. Nilimwambia alale, kumbe alikuja nalo. Akatoka barabarani, akapuliza. Nimerudi kuwa na miaka saba, mama ameinua kichwa kitandani, mkono wake juu ya midomo yetu ili tusipumue mpaka jina litajwe. Gashe Shibiru akalitaja. Jina lote, la baba na la babu, akaongeza: mwalimu wetu wa herufi. Akakohoa. Akapuliza tena.

Hema likang'olewa. Nusu saa baadaye lilikuwa kwa Yeneta. Mimi nilibeba sufuria. Mazishi saa tisa, watu mpaka nje ya ukuta wa kanisa. Binti yake alinishika mkono, akanishukuru kwa kubeba sufuria. Afadhali angenitukana.

Jumatano, 5 Pagume

Etiye Beletu amefungua pindo bila kuombwa. Yodit amesoma nywila, ameandika mstari ndani ya faili la huduma, akaiwasha huduma upya, akakaa kando na kuiacha ijiendeshe. Ujumbe ukaja: jina la Yeneta Haddis, herufi zote zimekaa mahali pake. Nimeutazama muda mrefu. Kazi yote dakika nne, pamoja na kuwasha. Nikamwambia Yodit hivyo ndivyo nilivyokusudia. Akaniambia, Tibebu shemeji yangu, nyamaza.

Mkutano umeamua tarumbeta litangulie, ujumbe ufuate. Katibu mpya ni Yodit. Hata hakugombea!

Gabi nimempa Gashe Shibiru. Alidhani ni ya sikukuu. Amenibariki mpaka nikaona haya.

Alhamisi, 1 Meskerem 2018

Mwaka mpya! Mabinti wanaimba milangoni na maua ya njano. Gashe Shibiru amepita na gabi yake mpya, anakohoa.

Kikohozi hicho kimenipa wazo. Nimemrekodi akipuliza. Akafurahi, akarudia mara mbili. Jina atakuwa analisema jioni, akiwa ameketi na kahawa yake, na alfajiri kipaza sauti juu ya bati la ofisi kitapuliza chenyewe, kama huduma. Mtaa mzima utasikia sauti ileile ya zamani, miaka mia ijayo! Nywila niliiona juu ya bega la Yodit. Nimeshaiweka rekodi kwenye huduma.

Nimejaribu kwa mkono mara tatu. Safi mara tatu. Yodit huwa anasema niijaribu ikijiendesha. Ya nini? Sauti haina herufi.

Nimezima simu.