Dawa ya Maji ya Kijani

Bravin aliona pesa pale ambapo wenzake waliziba pua. Maji yaliyotoka kwenye kiwanda cha ngozi cha Mirumbe, nje kidogo ya Kehancha, yalikuwa ya kijani kama nyongo, na kila mtu alijua ni ile kromiamu ya kulainishia ngozi. Wakaguzi wa mazingira walikuwa njiani. Mwenye hofu, Bravin aliamini, ni ng'ombe anayejileta mwenyewe kukamuliwa.

Akavaa koti jeupe, akaingia na magunia yake.

"Mzee, hii ni dawa ya Ujerumani. Inakula kromiamu yote."

"Ikishakula, inaipeleka wapi?" Mirumbe akauliza.

"Inaimaliza kabisa. Hiyo ni sayansi, mzee."

Ilikuwa chokaa ya kupaka nyumba. Bravin alikusudia kuimwaga katika tangi la maji machafu, kulipwa, na kutoweka. Lakini chokaa, isiyojua kwamba imeletwa kwa utapeli, ikafanya kazi. Kulipokucha, Bravin akingali anasubiri malipo yake, maji yalikuwa maangavu, na kijani chote kimelala chini kama uji mzito. Bravin nusura apige ishara ya msalaba. Kisha, kama kawaida ya wajinga waliobahatika, akajiona profesa, akapandisha bei maradufu.

Mirumbe hakubishana, jambo ambalo lingemshtua mtu mwenye akili.

"Pesa taslimu sina, kijana wangu. Chukua ngozi, pikapu nzima. Mafundi viatu wa Homa Bay watazigombania. Dereva nakupa, na mafuta juu yangu."

Bravin akapapasa gunia la juu: ngozi laini kama shavu la mtoto. Ya chini hakuyagusa. Tamaa haina mikono mirefu.

Homa Bay, dereva akashusha mzigo na kugeuza gari chapuchapu. Phelesia, mama mwenye duka la viatu, akapasua gunia la pili kwa kisu. Tope la kijani likammwagikia miguuni.

"Omera! Ndugu yangu, ni nini hii umeniletea?"

Bravin akampigia Mirumbe simu, akitukana.

"Wakaguzi wamekuta maji safi, tangini hata chembe ya tope hakuna," Mirumbe akajibu kwa upole. "Si ulisema dawa yako inakula? Nimekurudishia ikiwa imeshiba."

Phelesia alikuwa ameshamwita afisa wa mazingira, na wauza samaki wamemzunguka Bravin asikimbie. Afisa alipofika, Bravin akamweleza ukweli mtupu, wa kwanza tangu abalehe: chokaa, kiwanda, Mirumbe, yote.

Afisa akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Uongo unao, kijana," akasema. "Panda gari."