Kitovu Ndani ya Mashine ya Vifaranga

Jumatatu, 10 Juni 2024
Kitovu cha mwanangu kimedondoka asubuhi. Nimekiwahi. Mama mkwe, aliyetoka Chiwanda kuja kumhudumia mke wangu Herieth baada ya kujifungua, alikuwa nje anafua nepi. Kwao kitovu huzikwa na bibi, na mtoto hapewi jina mpaka kizikwe. Najua. Lakini kwenye semina ya Songea tuliambiwa kitovu cha binadamu kina seli shina, zile zinazoweza kugeuka mfupa, gegedu au mafuta. Mimi ni msaidizi wa maabara wa sekondari. Mwaka jana mwenzangu Cuthbert ndiye aliyepelekwa maonyesho ya sayansi ya mkoa, na mtambo wa biogesi unaovuja. Mwaka huu ni zamu yangu. Nitaotesha seli shina hapa hapa Mbinga.

Mama mkwe kauliza kitovu kiko wapi. Nimemwambia nimekihifadhi kwa heshima. Akasema kizikwe Jumamosi, la sivyo anaondoka na binti yake na mjukuu. Herieth kaitikia sawa, Mama. Kaitikia haraka mno.

Jumanne, 11 Juni
Kitovu kigumu kama soli ya kiatu. Nimekiloweka, nikakikata kwa wembe, vipande nikavipanga kwenye kisahani cha plastiki. Chakula cha seli: maji ya damu ya mbuzi, sukari, amoksilini ya kuua vijidudu. Joto: mashine yangu ya vifaranga, ambayo haijawahi kutoa kifaranga hata kimoja.

Seli zinataka pia hewa ukaa. Mtungi hatuna. Nikafikiri kidogo tu: komoni ikichachuka hutoa hewa ukaa bure. Nimeweka kopo la pombe hiyo ndani ya mashine, kando ya kisahani. Cuthbert asingeliwaza hilo hata kwa mwaka mzima.

Alhamisi, 13 Juni
Zimeota! Maji yamekuwa mazito, meupe. Kwenye hadubini ya shule, maelfu kwa maelfu, zinachipua. Nimelia kidogo. Mkuu wa shule kasema nitaenda Songea, ila Cuthbert athibitishe kwanza. Kwa nini Cuthbert?

Ijumaa, 14 Juni
Cuthbert kainamia hadubini, mabega yakaanza kutikisika kwa kicheko. Eti seli shina ni ndefu na nyembamba, kama dagaa wa usipa walioanikwa, tena hung'ang'ania plastiki. Zangu ni viduara vinavyoelea. Eti ni chachu ya komoni, imeingia kwenye kisahani. Eti kitovu kilichodondoka kimeshakufa. Seli huchukuliwa kwenye kitovu kibichi, siku ya kujifungua, kwa ridhaa ya mama. Akaniuliza kama Herieth anajua. Nikamwambia ashughulike na biogesi yake.

Vipande nimevirudisha kwenye mashine. Labda seli zimechelewa tu.

Jumamosi, 15 Juni
Siku ya kuzika. Nimekata kichwa cha usipa mkavu, kiwiliwili nikakifunga kwenye kitambaa cheupe. Mama mkwe kakizika chini ya mti wa kahawa, kasali sala ndefu. Mimi nikaitikia amina kwa sauti kuliko wote.

Hata chai hatujanywa, paka wa jirani akafukua. Akala mbele yetu. Mama mkwe akamtazama paka, kisha akanitazama mimi. Hakupaza sauti. Saa tano walikuwa stendi, na mtoto.

Nepi moja imesahaulika kwenye kamba. Nimeiondoa, nimeikunja, sijui niiweke wapi. Namtaka mwanangu.

Jumatatu, 17 Juni
Chiwanda. Nimesafiri na kisahani mapajani. Abiria wamelalamikia harufu ya pombe njia nzima. Nimepiga magoti, nimetoa shikamoo, nimeeleza yote, hata amoksilini. Mama mkwe kauliza jambo moja: vipande vyote vipo? Vyote, Mama. Akavizika pamoja na kisahani chake.

Mtoto anaitwa Joakim, jina la marehemu baba yangu. Mama mkwe mwenyewe ndiye aliyelitaja. Herieth kaniapisha nisiguse tena chochote cha mtoto bila kumwambia. Nimeapa, na nilikuwa namaanisha. Kisha akanipa nimpakate.

Alipopiga miayo nikaona fizi. Safi, hazina kitu bado. Semina ilisema hata meno ya utoto yana seli shina. Yataanza kung'oka akifika miaka sita hivi, na huku watoto huyarusha juu ya paa. Mama mkwe hapandi paa. Kesho, kabla sijaondoka, nitapima urefu wa ukuta.