Boga la Bigirimana na Mazungumzo ya Usalama wa Kanda

Kwa Waheshimiwa Wajumbe wa Mazungumzo ya Pande Nyingi kuhusu Usalama wa Kanda na Maeneo Yanayogombaniwa,
Hotelini kwenu, City Centre, Lilongwe.

Waheshimiwa,

"Wakimbizi ni waathirika wa mgogoro huu. Si wahusika wa mazungumzo, kwa sababu hawana eneo lolote wanaloligombania."

Hayo ni maneno ya msemaji wa mkutano wenu. Niliyasikia redioni juma lililopita nikipiga mswaki mbele ya nyumba yangu hapa katika kambi ya Dzaleka, nusura niumeze mswaki wenyewe. Nimesoma mikataba mingi ya amani, mingine nimeisoma hadi viambatisho, ambavyo nashuku hata waliotia sahihi hawakuvigusa, lakini sijawahi kukutana na uongo uliofunga tai vizuri namna hii. Hatuna eneo? Msemaji wenu na aje asimame kati ya nyumba yangu na nyumba ya Bigirimana Épitace, kisha arudie sentensi hiyo huku Bigirimana akimtazama.

Naitwa Cishahayo Narcisse, mzaliwa wa Bukavu, mwalimu wa historia niliyebaki na historia bila darasa. Ninalalamika kwa heshima zote. Malalamiko yangu nimeyapa namba ili asitokee mjumbe wa kusema hakuliona la tatu kwa kuwa lilijificha nyuma ya la pili.

1. Eneo lipo. Kati ya ukuta wangu na ukuta wa Bigirimana, Mrundi wa Ngozi, mkulima hodari na jirani mkaidi, kuna kipande cha ardhi chenye upana wa mkeka mmoja. Hapo ndipo mke wangu Mathilde anapoweka cherehani yake, maana ndani mwetu dirisha ni dogo kama tundu la kifungo, na saa sita mchana ni usiku. Sasa hivi anashona sare za watoto, nazo zinatakiwa kabla shule hazijafunguliwa. Akikosa kipande hicho atakosa mwanga, akikosa mwanga atakosa kazi, na tukikosa kazi yake mimi na historia yangu tutalala njaa. Natumaini hilo ni suala la usalama hata kwa vipimo vyenu.

Haki yangu ni ya kale: maji ya paa langu yanadondoka hapo tangu nyumba ijengwe, na maji ya mtu yanapoanguka ndipo ulipo mpaka wake. Bigirimana anasema kwao ardhi ni ya aliyeilima. Naye ameilima. Amepanda boga.

2. Boga hilo ni la uvamizi. Lilianzia upande wake, kimya kimya, kama yaanzavyo mambo haya. Lilipita chini ya kamba ya nguo. Likazunguka mguu wa cherehani. Asubuhi moja Mathilde alikuta limeingiza mkono wake wa kijani katika kikapu cha vitambaa, akapiga kelele mtaa mzima ukatoka. Nilimwita Bigirimana ajieleze. Alikuja na ndoo mkononi.

"Jirani, mi siko na shida na we hata kidogo," akasema. "Boga njo linatembea lenyewe. Mi sijalituma."

Nikamuuliza ndoo hiyo ni ya nini. Akasema ni ya maji. Ya kumwagilia nini?

"We mwalimu unapenda maulizo sana. Nalimwagilia kwa huruma tu. Lakini silijui."

Waheshimiwa, hebu rudieni hapo. Hana uhusiano nalo, ila analimwagilia. Si ndiyo sentensi mnayoisikia hotelini kila asubuhi, ikisemwa na watu waliopiga suti pasi, kuhusu vikundi vyenye bunduki ambavyo eti vinatembea vyenyewe katika milima yetu? Sisi tulikimbia nyumba zetu kwa sababu ya maboga ya namna hiyo. Tofauti ni kwamba la Bigirimana nimeuona mzizi wake, na nimemwonyesha kwa kidole, naye akaona haya. Kwenu bado sijasikia aliyeona haya.

3. Nililalamika mahali panapostahili, sikuchukua panga. Tukateua wasuluhishi wa pande nyingi, kama ninyi. Upande wangu Mchungaji Faustin, mtu wa Bukavu. Upande wa Bigirimana mama Vénérande, kiongozi wa kwaya ya Warundi. Katikati tukamweka Ntwari, kinyozi, Mnyarwanda, kwa kuwa sote anatunyoa na hakuna mwenye akili anayemkasirisha mtu aliyeshika wembe shingoni mwake.

Ubaya ulianza na chakula. Wakikaa kwangu, Mathilde anaacha sare na kupika nsima, ugali wa huku, na maharage. Wakikaa kwa Bigirimana, mkewe Goreth anapika mihogo, na kwa kuwa ni mwanamke mwenye sifa ya mkono wazi, anaongeza na dagaa. Wakishakula, Mchungaji Faustin anajifuta vidole, anasimama, anatangaza kwamba kumekuwa na maendeleo ya kutia moyo, na anaahirisha kikao. Boga lilikuwa halijatoa ua walipoanza. Sasa lina matunda mawili, moja ni kubwa kuliko kichwa cha Ntwari. Mathilde aliniuliza mbele yao wote:

"We Narcisse, hii ni mazungumzo ao ni mariage? Mbona bantu banakula tu na bibi-arusi hatumuone?"

4. Nilidhani ni sisi tu, maskini tusiojua taratibu. Nikachukua kibali cha kutoka kambini, nikaenda Lilongwe kumtafutia Mathilde uzi na vifungo, na kwa kuwa miguu yangu ina udadisi kuliko mimi, ikanifikisha kwenye lango la hoteli yenu. Mlinzi, kijana mstaarabu wa mtaa wa Area 18, alinipokea vizuri. Nikamwambia nataka kuonana na wajumbe. Akanijibu kwa Kichewa, nami natafsiri yote isipokuwa zikomo, yaani asante: "Zikomo, baba, lakini wako kwenye chai." Nikazunguka mjini, nikanunua uzi, nikarudi. "Baba, pole, wametoka kwenye chai, wameingia kwenye chakula." Nikakaa chini ya ukuta nikala karanga zangu. Baadaye akanijia mwenyewe kwa huruma: "Baba, sasa wamerudi kwenye chai." Nikamuuliza wanazungumza saa ngapi. Akafikiri kwa uaminifu kabisa, akasema huenda wanazungumzia ndani ya vikombe.

5. Ramani. Mlinzi huyo huyo aliniambia kwamba ukumbini mna ramani kubwa ya kanda, nayo imefunikwa kitambaa cha meza, kwa kuwa kila ujumbe ulitishia kuondoka ukiona mpaka ulivyochorwa. Kwa hiyo mnagombania nchi msiyoruhusiwa kuitazama. Siku moja mhudumu, akihitaji kitambaa kwa ajili ya meza ya samaki, alikivuta. Mpaka ukaonekana. Wajumbe wakasimama, wengine na uma mkononi, kikao kikavunjika, na chambo, wale samaki wa ziwa la huku, wakapoa. Kama si kweli, kanusheni. Kama ni kweli, mpeni mhudumu huyo kiti cha uenyekiti, maana ndiye pekee aliyewahi kufunua jambo katika ukumbi huo.

6. Mmepindua desturi, na hili ndilo lalamiko mama. Kwetu Bushi, upande wa Bukavu, na kwao Burundi tunabishana juu ya mengi, lakini hapa tuko kitu kimoja: wazee wanaoketi kuamua shauri hawali kabla ya kutoa neno. Neno kwanza, chungu baadaye. Na chungu hicho huletwa na yule aliyepewa haki, kuwashukuru. Babu yangu alikaa katika mashauri ya ng'ombe, ya mahari na ya mipaka, na hakuna lililovuka machweo, kwa sababu mzee mwenye njaa hana muda wa kuunda kamati ndogo. Njaa ndiye msuluhishi wa kwanza. Haegemei upande, halali hotelini, hahitaji mkalimani.

Ninyi mmeanza na chungu. Ndiyo maana neno halitoki. Litapitia wapi, kinywa kikiwa kimejaa?

7. Wala sisemi nadharia. Ninapoandika barua hii, wasuluhishi wangu wamekaa katika kipande chenyewe, mbele ya boga, tangu asubuhi, hawajaonja kitu. Nimetangaza rasmi kwamba desturi imerudi. Ili nisishukiwe kuwashawishi kwa harufu, nimeamuru hata moto wa kwangu uzimwe. Mathilde amenitazama kwa jicho ambalo sitalieleza katika barua ya heshima. Matokeo, waheshimiwa! Mchungaji Faustin ameongea bila mfano hata mmoja kutoka Agano la Kale. Mama Vénérande amekubali kwamba boga lipo, jambo ambalo upande wake ulikuwa ukilikana tangu mwanzo. Ntwari amesema, na nimemsikia kwa masikio yangu kupitia dirishani, "Tumalizeni hii kitu, batu bangu." Kwa kasi hiyo haki yangu itatangazwa kabla sijafunga bahasha.

8. Msiseme hatuna uzoefu wa mipaka. Njooni asubuhi kwenye bomba la maji. Mtaona Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Waethiopia na Wasomali, na mbele yao safu ya madumu. Dumu linamshikia mtu nafasi yake hata akiwa nyumbani anaota moto. Hakuna jeshi linalolilinda. Anayelisogeza hupata matusi kwa lugha tano kwa mpigo, na kesho yake hasogezi tena. Huo ni mpaka unaotambuliwa na mataifa yote. Nyie wenye majeshi, onyesheni wenu.

Kwa sababu hizo, nadai yafuatayo bila kutetemeka. Mazungumzo yahamishwe kutoka City Centre yaletwe Dzaleka, katika kipande kati ya nyumba yangu na ya Bigirimana, ambacho kwa siku hizo kitangazwe eneo lisilo na silaha wala mboga inayotambaa. Wajumbe waketi chini. Ramani ifunuliwe. Anayesema hana uhusiano na boga akabidhi ndoo yake mlangoni. Cherehani ya Mathilde ipewe ulinzi wa kimataifa na bendera ndogo. Na hakuna mjumbe, waziri, mshauri wa waziri wala mbeba mkoba wa mshauri atakayepewa hata biskuti mpaka neno litoke. Naapa kwamba kabla ya jua kuzama mtakuwa mmemaliza vita ambavyo mmevila kwa miaka.

Nisalimieni wajumbe wa pande zote, pamoja na wale wasiosalimiana. Msalimieni mlinzi. Msalimieni mhudumu wa kitambaa na mwambieni Dzaleka inamkumbuka. Nami hapa nitawafikishia salamu zenu majirani, ingawa najua hamkuzituma.

Wenu katika kudai,
Cishahayo Narcisse

Nakala: Mwenyekiti wa mtaa wetu; na Bigirimana Épitace, kwa mkono, juu ya boga.

Baada ya sahihi: Waheshimiwa, nilikuwa nalamba bahasha niliposikia vigelegele. Neno limetoka. Limetoka haraka, kama nilivyowaahidi, na ni juu ya haraka hiyo nataka kusema nanyi.

Niliandika masharti yote ya desturi, nikasahau wanaotoa neno wana pua. Kwangu moto ulikuwa umezimwa kwa amri yangu mwenyewe. Kwa Bigirimana, Goreth hakuwa amesikia amri yoyote, au alisikia akaidharau, na alikuwa ameinjika mihogo na dagaa tangu saa nne. Wasuluhishi wakanusa kulia, wakanusa kushoto. Wakakumbuka kwamba chungu huletwa na aliyepewa haki. Wakampa haki mwenye chungu. Wote watatu! Mchungaji Faustin, mtu wa Bukavu, mtoto wa nyumbani, alisoma uamuzi huku akinawa mikono.

Nilitoka kupinga. Nilisema mke wangu amenyang'anywa mwanga. Lakini mke wangu nilimkuta pale pale, kwenye cherehani, anashona kola ya sare, na Bigirimana amepanda juu ya kigoda anamfungia turubai la kivuli. Kumbe Mathilde na Goreth walikwisha kupatana wenyewe wakati mimi naandika lalamiko la nne: kipande ni cha Bigirimana, nafasi ya cherehani ni ya Mathilde, boga moja ni letu. Nikamkumbusha kwamba maji ya paa letu ni haki ya kihistoria. Akang'ata uzi, akasema:

"Narcisse, maji inaanguka ku sare za batoto ba bantu. Njo maana banafunga hii bâche. Kuja ukule, usilete tena historia hapa."

Goreth akacheka. Bigirimana, kutoka kwenye kigoda, akaniambia, "Karibu kwangu, jirani," na neno *kwangu* akalivuta mpaka mji wa Madisi.

Nimekula, sikatai. Dagaa walikuwa wazuri. Lakini nimekula kama mtu aliyeshindwa, na kwa akili iliyoshiba sasa naona wazi kwamba njaa ni msuluhishi mla rushwa, na kwamba amani ya haraka namna hii, iliyofanywa na wanawake wawili bila kikao cha ufunguzi, ni hatari kwa kanda nzima. Kwa hiyo ninyi wajumbe wa pande zote, na wewe msemaji hasa: yafuteni malalamiko ya sita na ya saba, njooni Dzaleka kesho mfungue upya mazungumzo haya, mje na chai, biskuti, chambo na vitambaa vyenu vyote, mkae hata mwaka. Ila moto uwashwe kwangu.