Shingo ya Foki

Jumatatu, 3 Juni
Kuna jambo nimelificha miaka hamsini na mbili. Daktari anasema moyo wangu umechoka, nisipange mambo ya mbali. Basi nitaliandika humu. Leo hapana. Leo fundi amekuja.

Fundi wa baiskeli nilimfundisha hesabu darasa la sita. Sasa ana mvi. Ameitia baiskeli yangu foki mpya, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, kwa kuwa ya zamani ilipinda. Shingo ya foki hii, bomba linaloshika usukani, ni ndefu mno. Imechomoza kama twiga dirishani. Amepanga pete sita chini ya usukani. Niendeshe siku chache, atazihamisha mpaka mgongo uridhike, ndipo akate. Ndefu hupunguzwa, Mwalimu, akasema, fupi hairefushwi.

Amekunywa vikombe viwili vya chai. Mtu wa kwanza kuketi sebuleni tangu mvua ziishe.

Jumanne, 4 Juni
Hesabu nyepesi. Kila pete, ziara moja. Shingo ikikatwa, fundi haji tena. (Foki ya zamani niliipinda mimi, kwa nyundo.)

Nimempigia: usukani uko juu, mikono inakufa ganzi. Amekuja, ametoa pete moja chini ya usukani, akaiweka juu yake. Akauliza nimefika wapi. Posta, nikasema.

Jumatano, 5 Juni
Sasa uko chini, kiuno kinalalamika. Pete imerudi.

Jirani yangu, karani mstaafu, amechungulia ukutani akauliza mbona haoni baiskeli ikipita. Nikamwambia natoka alfajiri, wavivu wakiwa wamelala. Akasema alfajiri yeye hufagia langoni. Mtu huyu hana kazi. Kisha akamwita fundi akamtazamie pampu yake ya maji. Dakika arobaini. Vicheko vilivuka ukuta.

Alhamisi, 6 Juni
Fundi hakuja. Simu hapokei. Binti yangu alipiga kutoka ng'ambo. Akauliza kama nakula, nikasema nakula, tukawa tumemaliza. Nilikuwa nimeandaa vikombe viwili. Nikanywa vyote.

Ijumaa, 7 Juni
Fundi amepiga. Kesho anakuja na msumeno, anakata, anamaliza.

Nimewaza. Shingo iliyokatwa fupi mno haifai kitu. Lazima foki nyingine iagizwe, na kuagiza ni wiki tatu. Nimefungua usukani, nimechukua msumeno wa chuma wa marehemu mke wangu, ambaye ndiye alikuwa fundi wa nyumba hii. Nimepumzika mara tisa. Kipande kimeanguka, kirefu kama kidole changu cha kati.

Jumamosi, 8 Juni
Fundi alitazama shingo, akanitazama mimi. Nikasema nimekosea hesabu. Akanikumbusha nani alimchapa kwa kukosea hesabu.

Kisha akainama, akapitisha kidole kwenye tairi aliyoifunga pamoja na foki. Vinywele vya mpira vyote vipo, akasema, kama imetoka dukani leo. Sasa Mwalimu, posta ulifikaje?

Nikammiminia chai. Akasema kila Jumamosi jioni hana kazi, atakuja kunywa chai. Si lazima kitu kivunjike. Akasema pia nipande baiskeli yake aliyokuja nayo, atanishikia tandiko, hakuna atakayeona.

Nikamwambia haiwezekani. Gurudumu lake lina pancha.

Akalibonyeza. Lilikuwa gumu kama jiwe. Akasema haya, Mwalimu.

Jumapili, 9 Juni
Jumamosi ni moja tu kwa wiki. Nimefungua kitasa cha mlango wa mbele na kupoteza skrubu mbili. Kesho nitampigia fundi.

Sasa lile jambo. Siku niliyokwenda kumposa mke wangu nilikokota baiskeli ya kuazima kilomita kumi na moja. Nikamwambia pancha. Akanihurumia, akaniletea maji. Tangu hapo kila aliponikuta nikikokota, ilikuwa pancha, naye kila alipokwenda sokoni alininunulia viraka. Leo nikitafuta bisibisi nimevikuta kwenye droo yake. Pakiti kumi na saba. Hata moja haijafunguliwa, na hakuwahi kuniuliza.

Sijui kuendesha baiskeli.