Kijapani cha Bertrand Kina Herufi Arobaini na Tisa

Kwa idhini ambayo hakuna aliyenipa, ninawatangazia wakazi wote wa Mulongwe, wa ng'ambo zote mbili za mto, kwamba mtaa wetu sasa una mtaalamu wa Kijapani. Anaitwa Bertrand, ni dereva wa pikipiki, na Kijapani anakisoma bila shida yoyote. Anachokisoma hakielewi, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu kutangazwa.

Habari ilifika Alhamisi asubuhi kwa Mama Honorine, pale tunapokunywa chai tukiwa tumekalia kiti cha nyuma kilichong'olewa kwenye basi dogo. Ukutani pa parokia palikuwa pamebandikwa tangazo: Jumamosi, wanafunzi wa darasa la Kijapani wataandika herufi zote kwa kichwa. Kosa moja, umetoka. Mmoja tu atachaguliwa kwenda Japani kusomea umekanika.

"Herufi ngapi?" akauliza Mama Honorine, ambaye kwa ukali wake tunamwita Préfète, kama mkuu wa shule.

"Arobaini na tisa," akasema Bertrand.

"Kwa luga moja?"

"Ile ni ya kwanza tu, mama. Iko ingine ya maneno ya wageni. Jina yangu inaandikwa na ile ya pili, sababu miye niko mugeni."

"Kumbe hata mu alfabeti wanakuomba viza. Haya, anza, tusikie."

Bertrand alifunga macho kama anayepokea komunyo. "A, i, u, e, o."

"Simama hapo. Weye ulisoma shule ya msingi wapi? Ni a, e, i, o, u."

"Kwao iko a, i, u, e, o."

"Nani aliwavurugia?"

"Mama, wao njo walitengeneza hii pikipiki. Waache wapange vokali zao vile wanataka."

Basi dogo la Luberizi likapita, limejaa magunia ya mchele, ubavuni bado lina maandishi ya Japani lilikotoka. Bertrand akalinyooshea kidole na kusoma polepole: "Yo, u, chi, e, n."

"Maana yake?"

"Maana ni darasa la pili."

Préfète akatikisa kichwa. "Kama babu yangu na misa ya Kilatini. Alijibu yote miaka makumi tatu, akakufa bila kujua alikuwa anakubali nini."

Mimi nilikunywa chai yangu kwa unyenyekevu mkubwa. Niko likizo kutoka internat, shule ya bweni, na mimi na Bertrand tumejiandikisha darasa hilo moja. Ila saa za darasa ndizo saa za abiria, kwa hiyo yeye husomea karatasi niliyomnakilia kwa mwandiko wangu mzuri. Ameibandika juu ya tanki la pikipiki. Kwa wiki tatu, kila akingoja abiria, kidole chake kimekuwa kikiandika juu ya paja.

Sasa akachukua kijiti na kuanza kuandika chini, mstari baada ya mstari, akieleza kama mwalimu. "Hii ni shi, iko ndoano ya kuvua samaki mukeke. Hii ni he, iko njia ya kupanda mulima na kushuka. Na hizi tatu za mwisho njo nyepesi kupita zote, mukono ulizishika siku moja. Vwe. Mbu. Nza."

"Wajapani nao wako na mbu?"

"Ni sauti, mama, si mududu."

Mzee Ndihokubwayo, mfugaji anayeshuka na maziwa yake kutoka milima ya Rurambo, aliweka kikombe chake chini. Aliinama, akaegemea fimbo yake, akazikagua zile tatu za mwisho.

"Hii ya kwanza," akasema, "ng'ombe yake ni mwekundu, pembe moja imevunjika."

"Mzee, hizo ni herufi," Bertrand akamjibu kwa adabu.

"Hizo ni mapaja, mwanangu. Kule juu tunawachoma ng'ombe alama, tukishuka nao mu bonde wakati wa jua wasichanganyike. Hii ni ya Ndayisenga. Hii ni ya mujane wa Emery. Na hii ya mwisho ni ya Nyandwi. Nyandwi aliuza ng'ombe Japani lini?"

"Nyandwi gani?" akauliza Préfète.

"Ule iko na mujukuu wa internat. Likizo ya Pasaka ule mujukuu njo alishika chuma ya kuchoma alama."

Wote wakanigeukia. Nilitafuta kitu cha kutazama ndani ya kikombe, na majani ya chai hayakunisaidia.

"Yaya, ilikuwa mchezo tu," nikamwambia Bertrand, ninayemwita hivyo kama kaka mkubwa.

"Mchezo." Bertrand alisema kwa sauti ya chini, na heri angepiga kelele. "Kosa moja, nimetoka. Miaka sita niko natengeneza pikipiki za watu bila hata diplome ya kuonyesha. Weye unanipa ng'ombe."

Préfète akachukua kijiti na kukitia mkononi mwangu. "Futa zako tatu. Kisha andika zile za kweli, tuone."

Nikafuta kwa kisigino. Nikaandika a, i, u, e, o. Mstari wa pili nao ukapita. Wa tatu nikaanza na sa, nikaandika shi.

"Ndoano inaangalia kuume," Bertrand akasema.

Nikageuza ndoano. Kijiti kikasimama.

"Kisha?" akauliza Préfète.

Hapo ndipo nilipoungama, na ninaungama tena kwa maandishi. Darasani ninakaa nyuma na kuchezesha midomo wenzangu wanapotamka. Yaya Bertrand anazijua herufi zote arobaini na sita za Wajapani, na ng'ombe watatu wa Rurambo. Mimi ninajua kumi na moja, nafasi ni moja, na kuchora ng'ombe kulikuwa rahisi kuliko kusoma.